Mwalimu Anajibu: Kwa nini tusipige kura kwa simu?

Barua nyingi za mwezi huu zimekuja na jambo moja, kura na mashine. Nimechagua tano. Kwa wasomaji wapya: nilifundisha shule za msingi miaka mingi hapa Kilimanjaro, na katika chaguzi kadhaa niliitwa kuwa msimamizi wa kituo cha kupigia kura. Najibu kutokana na niliyoyashika kwa mikono yangu na niliyoyasoma tangu nilipostaafu.

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 26, ni fundi simu, kibanda changu kiko Kaloleni, Arusha. Wateja wananilipa kwa simu, umeme nalipa kwa simu, hata mahari ya kaka yangu nusu yake ilipita kwenye simu. Sasa kwa nini kura bado tunapanga foleni na kuchovya kidole kwenye wino kama enzi za babu? Juzi nilisema hivyo kijiweni, mzee mmoja mwanachama wa upinzani akanijia juu, eti hiyo ni njia ya kutuibia mchana kweupe. Mimi naona anaogopa teknolojia tu. Nani yuko sahihi?

Marahaba mwanangu. Mzee ana hoja kubwa kuliko ulivyomsikia, hata kama aliisema kwa ukali.

Wewe ni fundi simu, basi tuanzie hapo hapo kwenye simu. Ukituma elfu hamsini kwa namba isiyo yenyewe, unafanya nini? Unapiga huduma kwa wateja. Wanaona jina lako, jina la aliyepokea, saa na dakika, na kama hajaitoa wanakurudishia. Muamala unarekebishika kwa sababu kila kitu chake kinajulikana, na meseji uliyobaki nayo ndiyo ushahidi wako.

Kura haitakiwi ijulikane hivyo. Tuseme umepiga kwa simu, ikakujia meseji: umemchagua fulani. Usiku huo huo aliyekupa khanga na kilo ya chumvi atabisha hodi akwambie nionyeshe. Mwajiri wako naye ataomba kuiona. Kuna akina mama nawajua wataonyeshwa mlango na waume zao kwa meseji hiyo. Haya, tuiondoe meseji. Sasa utajuaje kwamba ulichobonyeza ndicho kilichohesabiwa? Hutajua, na wala huna pa kupiga simu, maana wakiweza kukutafutia kura yako, siri imeshakufa. Mafundi wakubwa wa kompyuta duniani wamehangaika na fundo hili miaka mingi. Karatasi inalifungua kwa wepesi: ukishaitumbukiza sandukuni imechanganyika na nyingine, hakuna ajuaye ipi ni yako, lakini kila aliyemo chumbani anaziona zote.

Nikupeleke Oktoba 31, 2010, shule ya msingi moja ya Kibosho, darasa la nne. Umeme hakuna. Vituo vilifungwa saa kumi jioni, na kuhesabu kukaanza taa ikiwa juu ya dawati la mwalimu. Nilikata lakiri mbele ya mawakala wa vyama, tukamwaga kura juu ya madawati tuliyoyaunganisha. Nachukua moja, naikunjua, nainua kwenye mwanga, nasoma jina kwa sauti, naigeuza upande wao. Kulikuwa na kijana mmoja, wakala wa chama kilichokuwa kinashindwa pale kituoni, ambaye hakukaa kitini usiku mzima. Vema ikigusa mstari, anasogea mpaka namsikia pumzi. Tulipojumlisha, kura za ubunge zikapungua moja kuliko za urais. Moja tu! Makarani walikuwa wamechoka, mmoja akasema tuandike imepotea. Kijana akakataa. Tukazipitia zote upya, moja moja, mpaka tukaikuta: mpiga kura alikuwa amezikunja pamoja, ya ubunge imelala ndani ya ya urais, na zote zikaingia sanduku moja. Ilikuwa inakaribia saa tano usiku. Yule kijana akasaini fomu. Chama chake kilikuwa kimeshindwa, na alisaini bila mtu kumsukuma, kwa sababu macho yake yalikuwa yamekwenda kila mahali mikono yangu ilipokwenda.

Ndicho kitu ninachokililia kwenye mashine. Ndani ya programu yule kijana angesogea wapi?

Wajerumani, ambao hakuna atakayewaita waoga wa mashine, waliulizana swali hilo mahakamani. Uchaguzi wao wa Bunge wa 2005, watu wapatao milioni 2 walipigia kwenye mashine. Baba mmoja na mwanawe wakafungua shauri, na Machi 3, 2009 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba mashine zile zilitumika kinyume cha katiba. Sababu yake niliisoma mara mbili: mwananchi wa kawaida lazima aweze kukagua hatua muhimu za uchaguzi na hesabu yake bila kuwa na utaalamu wowote. Uchaguzi haukufutwa, kwa kuwa kosa lenyewe halikuonekana. Mahakama ilijali kwamba hata kama lingekuwepo, mama muuza mkate asingeweza kuligundua.

Uholanzi walijifunza kwa njia ya aibu zaidi. Mwaka 2006 kikundi cha wananchi kilionyesha kwenye televisheni kwamba chipu za mashine zao zingeweza kubadilishwa kwa dakika chache, na mashine ikaendelea kufanya kazi kama kawaida huku ikidanganya. Kuna jambo la ajabu zaidi. Jina la chama kimoja lilikuwa na herufi yenye alama juu yake. Kioo cha mashine kilipoiandika herufi ile, mawimbi yake ya redio yakabadilika, na mtu aliyesimama mbali kidogo na kifaa kidogo aliweza kujua kwamba mpiga kura amegusa chama hicho. Siri ya kura ikavuja kwa alama juu ya herufi moja. Wakarudi kwenye karatasi na penseli yao nyekundu.

Utaniambia, na Estonia je? Kweli, wanapiga kura kwa intaneti tangu 2005, na mwaka 2023 zaidi ya nusu ya kura zao zilikuja kwa njia hiyo. Wana kitambulisho chenye chipu kila nyumba, na ukilazimishwa na mtu unaweza kupiga tena baadaye ikahesabiwa ya mwisho. Na bado kuna chama chao cha siasa kinachoupinga mfumo huo mpaka leo.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo wewe mwenyewe umeliona kibandani kwako. Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa imezimwa siku kadhaa. Wewe uliona wateja wamekauka. Mimi nilikuwa najaribu kumpata mwanangu aliyeko Dar es Salaam, siku ambazo watu walikuwa wanakufa barabarani, sikumpata. Niambie, kura inayosafiri kwenye waya huo ingekuwa mikononi mwa nani siku ile? Kidole chenye wino hakizimwi. Nenda kamwombe yule mzee radhi, umnunulie na kahawa.

Mwalimu, habari za siku. Ni mama wa Pasua, Moshi, mwanachama wa chama cha kuweka na kukopa tangu kilipoanza. Mwaka jana uongozi ulileta programu ya simu ya kupigia kura za bodi. Ukumbini tulikuwa 140, walioaga kwa udhuru tunawajua, lakini matokeo yakaja na kura 163. Tulipouliza tukaambiwa ni mtandao ulisumbua. Mwaka huu wanataka tena, na anayepinga anaitwa mchawi wa maendeleo. Tudai nini?

Mama mwenzangu, pole sana. Neno hilo la mtandao kusumbua limenikera. Mtandao ukisumbua kura hupungua, zikizidi ni habari nyingine.

Kwanza usikubali kuitwa mchawi. Mkoa huu umejengwa na watu waliokuwa wanadai kuonyeshwa hesabu. Wazee wetu wa kahawa walianzisha chama chao cha wakulima mwaka 1925, kikageuka chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, na mwanachama alikuwa anasimama mbele ya mizani kuangalia mshale unapotulia. Hakuambiwa aamini tu kilo zilizoandikwa kitabuni.

Mdai karatasi. Kama uongozi unashikilia kifaa, basi kitoe karatasi ambayo mpiga kura anaisoma kwa macho yake kabla haijaingia sandukuni, na karatasi hizo zihesabiwe mbele yenu. Kifaa kikisema 163 na sanduku likasema 140, sanduku ndilo linalofuatwa, na hilo liandikwe kwenye muhtasari kabla ya kura ya kwanza kupigwa. Wakikataa kuliandika, umeshapata jibu lako.

Namibia walilipata somo hili kwa taifa zima. Ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kutumia mashine katika uchaguzi wa kitaifa, Novemba 2014. Sheria yao ilitaka mashine ziambatane na karatasi, lakini waziri akaanza kuitumia sheria huku vifungu vya karatasi vikiachwa nje. Baada ya uchaguzi wa 2019 mgombea aliyeshindwa, Panduleni Itula, akaenda mahakamani, na Februari 5, 2020 Mahakama ya Juu ikasema kutumia mashine bila karatasi kulikiuka katiba. Urais haukubatilishwa. Mashine ziliwekwa kando.

Ireland nao sitaki uwasahau, maana viongozi wenu watasema mmeshalipia programu. Serikali ya Ireland ilinunua mashine zipatazo 7,500 kwa zaidi ya yuro milioni 50. Zikajaribiwa kwenye majimbo matatu mwaka 2002, watu wakazikataa, zikakaa maghalani zikilipiwa kodi miaka na miaka, na mwaka 2012 zikauzwa chakavu kwa kama yuro elfu 70. Waliona bora hasara hiyo kuliko uchaguzi unaonung'unikiwa. Nyie programu yenu imegharimu kiasi gani?

Na mnapodai karatasi, muisimamie. Namibia hiyo hiyo, Novemba 2024, karatasi za kura ziliisha vituoni, watu wakasimama foleni usiku, siku za kupiga kura zikaongezwa, na kesi ikafunguliwa tena. Kwa hiyo chapisheni kura za kutosha zenye namba kwenye vishina, mzihesabu kabla ya mkutano mbele ya watu watatu wasiogombea, na zilizobaki zihesabiwe tena mwishoni. Kutumika, kuharibika na kubaki, jumla yake ilingane na zilizochapwa. Hiyo ni hesabu ya darasa la tatu na kila mwanachama ataielewa.

Nakusihi usiache kwenda mkutanoni. Nenda na wenzako, kaeni mbele.

Mwalimu, mimi nafanya biashara ya vitunguu kati ya Holili na Taveta, nyumbani Majengo, Moshi. Wakenya ninaouziana nao hawaishi kubishana kuhusu sava. Hivi Kenya wanapiga kura kwa mashine? Na kama mashine ndizo ziliwaharibia, mbona hawaziachi?

Wanapiga kwa karatasi kama sisi, Mangi. Mashine zao zinamtambua mpiga kura kwa kidole na kusafirisha matokeo kutoka kituoni hadi kwenye sava, yaani kompyuta kuu ya Tume ya uchaguzi. Ugomvi uko kwenye safari hiyo.

Mwaka 2017 namba zilimiminika kwenye kioo cha televisheni wakati fomu zilizotakiwa kuzithibitisha hazionekani. Upinzani ukadai sava ifunguliwe. Mahakama ya Juu iliagiza Tume iruhusu ikaguliwe, Tume haikutekeleza ipasavyo, na Septemba 1, 2017 Jaji Mkuu David Maraga na wenzake walio wengi wakaufuta uchaguzi wa urais. Lilikuwa halijawahi kutokea Afrika. Kuna jina ambalo sipendi lipotee: Chris Msando, meneja wa teknolojia wa Tume, aliuawa siku chache kabla ya uchaguzi ule. Ukiuweka uchaguzi wa watu milioni kadhaa kwenye funguo za watu wachache, unawaweka hatarini na watu hao wachache. Mtu aliyeshika namba za siri za nchi nzima analala vipi?

Mwaka 2022 walibadilisha jambo moja, nalo nalipenda. Picha za fomu za kila kituo, zaidi ya 46,000, ziliwekwa wazi kwenye tovuti ya Tume, na mtu yeyote mwenye simu na kalamu akajumlisha mwenyewe. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo hadharani, kesi ikaenda mahakamani, Septemba 5 mahakama ikayathibitisha. Watu walinuna, lakini walinuna wakiwa na fomu mikononi. Teknolojia ikitumika kunionyesha karatasi, mimi ni rafiki yake.

Ila usisahau kwamba Wakenya walikuwa na mahakama ya kuiambia Tume fungua. Kwetu Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema Rais akishatangazwa, hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi wake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapo jirani zetu Arusha, iliamua Julai 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Mpaka hapo patakaporekebishwa, sava ya kwetu angeifungua nani?

Mwalimu, kuwa mkweli. Wanasiasa wanaopinga mashine wanapinga wakishindwa tu. Wakishinda mashine ni nzuri. Msomaji, Sakina, Arusha.

Wapo wa namna hiyo, na wanawaharibia wenye hoja. Brazili wanatumia mashine tangu 1996. Jair Bolsonaro alishinda urais kwa mashine hizo mwaka 2018, kisha akazishambulia. Mwaka 2021 alitaka ziongezewe karatasi, Bunge likakataa. Mwaka uliofuata akashindwa, na Januari 8, 2023 wafuasi wake wakavamia majengo ya serikali. Mahakama ya uchaguzi ikamzuia kugombea hadi 2030 kwa kuusingizia mfumo bila ushahidi mbele ya mabalozi. Naona mahakama ilitenda haki, na pia naona karatasi ile ingemwondolea maneno mengi mdomoni.

Mtu wa hoja mtambue kwa siku anayosema. Akisema miaka miwili kabla, akiwa hajui nani atashinda, msikilize. Vyama vya Kongo ya Kinshasa vililalamikia mashine zilizotoka Korea Kusini mapema kabisa kabla ya uchaguzi wa Desemba 2018, na watu wakaiita mashine ya kuiba. Hao hawakusubiri kushindwa.

Na wewe wa Arusha unajua kwamba imani inaweza kufa bila mashine yoyote. Uchaguzi wa meya wa Desemba 2010 ulikuwa wa madiwani wachache ukumbini, watu wanaofahamiana kwa majina. Uliendeshwa kwa namna ambayo upande mmoja haukuukubali, na Januari 5, 2011 watu walikufa kwenye maandamano mjini kwenu. Nilikuwa na binamu anayeuza nguo Soko Kuu siku ile. Alijifungia ndani ya duka na watoto wa watu asiowajua mpaka giza likaingia. Kwa hiyo sisemi karatasi inatosha. Nasema aliyeshindwa apewe nafasi ya kuona, na karatasi inampa nafasi hiyo kwa urahisi zaidi.

Shikamoo Mwalimu. Nipo Rau, nina miaka 22, chama changu kimeniambia nitakuwa wakala uchaguzi ujao. Sijawahi. Niende na nini?

Marahaba, mwanangu. Umenifurahisha.

Hakikisha umeapishwa mapema na barua yako ya utambulisho ina jina lililoandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho. Watu wanazuiwa mlangoni kwa herufi moja. Fika kabla ya saa moja asubuhi ulione sanduku likiwa tupu, liinuliwe, lifungwe lakiri mbele yako, na namba za lakiri uziandike. Beba daftari dogo, kalamu mbili na tochi yenye betri mpya. Kila saa andika wangapi wamepiga. Jioni usikae kiti cha nyuma. Kama hukuiona kura vizuri, sema sijaiona, irudiwe, hata wakikuguna. Usisaini fomu yenye nafasi zisizojazwa, na usiondoke bila nakala yako.

Na chukua chakula cha kutosha, viazi vya kuchemsha na chai kwenye chupa. Yule kijana wa Kibosho hakuwa amekula tangu asubuhi. Tulipomaliza nilimpa nusu ya mkate wangu, tukaula tumesimama mlangoni, tukisubiri gari la kubeba masanduku.